Mshale wa spidomita unarukaruka: kubadilisha kebo na kuipaka grisi bila kuua mita

Swali: Gari langu ni la zamani, na spidomita yake inaendeshwa na kebo inayotoka kwenye giaboksi. Mwanzoni mshale ulikuwa unarukaruka nikiwa kati ya kilomita 30 na 50 kwa saa, na asubuhi kulikuwa na mlio mwembamba nyuma ya dashibodi. Fundi alichomoa kebo upande wa juu akamimina mafuta ya injini ndani yake. Ilitulia wiki mbili. Sasa mshale unaonyesha mwendo mkubwa kuliko ninaokwenda, na nikisimama unachelewa kurudi kwenye sifuri. Nimeshanunua kebo mpya. Je, niifunge tu? Na niipake grisi gani?

Jibu: Usiifunge bado, ndugu yangu. Kebo ya spidomita ikichoka kabla ya wakati wake, karibu kila mara kuna kitu kinachoichosha: imepindwa mno njiani, imekauka, au mita yenyewe ni nzito kuzungusha. Ukiweka kebo mpya na kukiacha kitu hicho, utarudi chini ya dashibodi baada ya miezi michache. Kwako limeongezeka jambo la pili: mafuta yaliyomiminwa yamepanda hadi ndani ya mita, na kebo mpya haitayatoa.

Tuanze na mita, maana ukiielewa, mengine yote yanaeleweka. Ndani ya ala ya nje mna waya wa chuma uliosokotwa tabaka juu ya tabaka, ambao kazi yake ni kuzunguka tu. Chini unashikwa na pinioni, yaani gia ndogo ya giaboksi, na juu ncha yake ya mraba inaingia kwenye tundu la mita na kuzungusha sumaku. Juu ya sumaku hiyo kuna kikombe chepesi cha alumini kilichofungwa kwenye mshale. Sumaku na kikombe havigusani. Sumaku ikizunguka huzalisha umeme mdogo ndani ya alumini, na umeme huo hukiburuta kikombe kuelekea upande wa mzunguko, huku springi nyembamba kama unywele ikikirudisha nyuma. Mshale husimama pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Otto Schulze alipata hataza ya spidomita ya namna hii mwaka 1902, na ndiyo iliyomo kwenye magari mengi ya kebo.

Sasa fikiria mafuta yameingia katikati ya sumaku na kikombe. Kikombe hakiburutwi tena na sumaku peke yake, kinaburutwa pia na unato wa mafuta. Ndiyo maana mshale wako unazidisha mwendo. Ukisimama, springi ambayo ni dhaifu kwa makusudi inalazimika kukitoa kikombe kwenye uji huo, kwa hiyo mshale unachelewa kurudi. Dalili ulizozitaja ni za mafuta ndani ya mita, si za kebo mbovu. Kurukaruka kwa mwanzo ndiko kulikokuwa kwa kebo: waya mkavu unakwama ndani ya ala, unajisokota kama springi, kisha unaachia ghafla, na mshale unaruka. Jambo hilo huonekana zaidi kwenye mwendo mdogo, kwa sababu waya ukizunguka haraka haupati nafasi ya kukwama na kuachia.

Kwa hiyo una kazi mbili, kebo na mita, na zote zinaanza kwa kufungua upande wa juu.

Ondoa kwanza waya wa hasi wa betri. Nyuma ya paneli ya mita kuna nyaya nyingi zilizo wazi, na nati ya chuma ya kebo ikizigusa inaweza kuunguza fyuzi au zaidi ya hapo. Fungua skrubu za paneli, ivute kuja kwako sentimita chache, upenyeze mkono nyuma. Kwenye magari mengi utakuta moja ya vifungo viwili: nati yenye mikwaruzo ya kushikia vidole, ambayo hufunguliwa kwa mkono, au kishikio cha plastiki chenye ulimi wa kubonyeza huku ukivuta. Usiivute paneli kwa nguvu kabla ya kuachisha kebo, maana ulimi wa plastiki iliyozeeka huvunjika kirahisi. Paneli ikigoma kuja mbele, nenda upande wa injini uachie kebo kwenye klipu zake na kuisukuma kidogo kupitia raba ya ukuta wa injini, upate ulegevu.

Kabla ya kuingia chini ya gari, fanya kipimo kimoja ambacho hakihitaji jeki. Acha kebo imefungwa kwenye giaboksi, ncha ya juu ikiwa huru mkononi mwako. Weka gia huru, na mwenzako alisukume gari taratibu mbele mita 3 au 4 kwenye ardhi tambarare, breki ya mkono ikiwa karibu. Magari mengi ya Kijapani yametengenezwa ili waya uzunguke mara 637 kwa kilomita moja, na mengi ya Uingereza na Marekani mara 1000 kwa maili, ambayo ni karibu hesabu hiyohiyo. Maana yake, kwa mita 3 waya unapaswa kuzunguka karibu mara mbili. Ukizunguka sawasawa, pinioni ni nzima na waya haujakatika. Usipozunguka kabisa, ama umekatika njiani, ama meno ya pinioni yameisha. Ukizunguka kwa kurukaruka, ubaya upo kwenye kebo yenyewe.

Wapo wanaopendelea kuinua gari na kuzungusha gurudumu. Inawezekana, ila ukiinua magurudumu yote mawili yanayoendesha na gia ikiwa huru, ukizungusha moja, la pili huzunguka kinyume, na pinioni haisogei. Utadhani giaboksi ina kasoro wakati haina. Inua moja tu, ukiweka stendi na vigingi kwenye magurudumu mengine. Kama gari linaendeshwa na magurudumu ya nyuma, kumbuka kwamba breki ya mkono itabidi iachiwe, kwa hiyo vigingi vya mbele ndivyo vitakavyolizuia gari.

Upande wa giaboksi, safisha kwanza kwa brashi na kitambaa. Mchanga ukidondokea kwenye tundu la pinioni umeingia kwenye giaboksi. Weka chombo chini, maana kwenye baadhi ya giaboksi tundu hilo liko chini ya usawa wa mafuta. Nati ya kebo mara nyingi hufunguliwa kwa mkono, au kwa plaizi iliyozungushiwa kitambaa ili isitafune kingo zake. Kwenye magari mengine hakuna nati: kebo inashikwa na kibati kidogo chenye bolti moja, au na pini inayopita kwenye ncha. Chora au piga picha njia yote ya kebo kabla ya kuitoa, hasa mahali klipu zilipo. Wenye magari ya namna nyingine wajue pa kutafuta: Volkswagen Beetle huchukua mzunguko kwenye gurudumu la mbele la kushoto, ambako ncha ya mraba hutokeza kupitia kifuniko cha vumbi na kushikwa na klipu, na Land Rover za Series huuchukua kwenye giaboksi ya pili, ile ya kugawa nguvu.

Ukishaitoa kebo kuukuu, usiitupe. Ndiyo inayokueleza kilichotokea.

Jaribu kuuvuta waya wa ndani kutoka kwenye ala. Kebo nyingine hutoa waya kwa juu, nyingine kwa chini tu kwa sababu ya kola iliyobanwa kwenye ncha, na nyingine zimefungwa pande zote mbili, hazifunguki. Kama umekatika, toa vipande vyote viwili. Ufute, kisha uushike ncha mbili kwa vidole, uuache uning'inie kama herufi U, na uzungushe ncha moja polepole. Waya mzima huzunguka bila kusitasita. Wenye kipindo huruka kila mzunguko, na huo haunyooshwi, hata ukionekana umenyooka kwa macho. Halafu tazama mahali ulipong'aa kwa kusuguliwa. Ukikuta sehemu moja imeng'aa kuliko nyingine, ipime urefu wake kutoka kwenye ncha, kisha nenda kwenye gari ukatafute kona iliyo umbali huohuo. Hapo ndipo ala ilipokunjwa kupita kiasi. Kona yoyote ya kebo iwe sehemu ya duara lenye nusu kipenyo kisichopungua sentimita 15, na sentimita 5 za mwanzo kutoka kwenye nati, juu na chini, ziwe zimenyooka kabisa. Kanuni hii ndogo ya njia ya kebo ndiyo inayovunjwa kuliko zote, kwa sababu fundi akiwa amechoka huirudisha paneli kwa kuisukuma, na kebo inajikunja nyuma yake bila mtu kuona.

Ncha za mraba nazo zisome. Zikiwa zimeviringika pembe, au waya umekatika karibu na juu huku umejisokota kupita kawaida, mita ilikuwa inaukatalia kuzunguka. Ukikuta mafuta mazito yenye harufu kali ya giaboksi yamefika hadi juu, sili ya pinioni imekufa. Msokoto wa waya unaozunguka hufanya kazi kama parafujo, huyachukua mafuta chini na kuyapandisha hadi kwenye mita. Kwako mafuta ya injini yatachanganya ushahidi huu, lakini harufu ya mafuta ya gia haifichiki. Hapo badilisha sili na oringi ya nje ya ganda linaloshika pinioni wakati umeshafungua. Mpira wenyewe ni mdogo sana, na ukiachwa mbovu utaharibu mita unayotaka kuiokoa. Pinioni ikiwa ya plastiki, hesabu meno yake na uangalie rangi yake kabla ya kununua nyingine, kwani idadi ya meno hufuata uwiano wa difu na ukubwa wa matairi. Pinioni yenye jino moja zaidi au pungufu itaingia vizuri na itasoma mwendo usio sahihi.

Sasa mita. Chukua kitambaa kisichoacha nyuzi, au kijiti chenye pamba, na ukaushe tundu la mraba mara kadhaa, ukibadilisha pamba hadi itoke safi. Kata sentimita 15 za waya kuukuu wenye ncha nzuri. Funga kwanza waya mwembamba mahali utakapokata, ama sivyo msokoto utafumuka. Ingiza ncha kwenye mita na uizungushe kwa vidole. Izunguke laini, bila kukwaruza na bila mlio. Ikiwa nzito, bushi ya ekseli ya mita imekauka, na hiyo ndiyo inayopiga ule mlio mwembamba wa asubuhi na kukata kebo moja baada ya nyingine. Tone moja la mafuta mepesi ya cherehani, likiwekwa kwa ncha ya sindano kwenye shingo ya ekseli, linatosha. Narudia, tone moja. Grisi haina nafasi yoyote mahali pale.

Kipande hichohicho unaweza kukifunga kwenye drili ya mwendo wa taratibu na kuijaribu mita mezani. Kwa mita ya Kijapani, mizunguko 637 kwa dakika inapaswa kuonyesha kilomita 60 kwa saa. Mita za kampuni ya Smiths huandikwa idadi ya mizunguko kwa maili kwa tarakimu ndogo usoni mwake, na za kampuni ya VDO mara nyingi huandikwa herufi W na namba ya mizunguko kwa kilomita. Anza polepole sana, na mshale ukijibana kwenye kituo cha sifuri, geuza upande wa mzunguko mara moja. Hapo ndipo utakapojua kama mafuta bado yamo: mshale ukizidisha au kurudi kivivu hata baada ya kukausha tundu, kikombe kimelowa. Kazi ya kukiosha mpe fundi wa mita na saa. Mshale haung'olewi ovyo, springi ikipindwa kidogo tu mita imepoteza usahihi, na dawa kali za kusafishia hufuta maandishi ya usoni. Najua inauma kulipia mita baada ya kununua kebo, lakini kwa dalili ulizoeleza nadhani utalazimika.

Kebo mpya ipime kando ya ile ya zamani kabla hujaingia nayo chini. Linganisha urefu wa ala, aina ya nati pande zote mbili, umbo la ncha, na jinsi waya unavyotokeza. Upande wa mita kwa kawaida hutokeza kama milimita 10 nje ya ala. Ukitokeza zaidi, nati ikikazwa waya unaisukuma ekseli ya mita kwa juu, na utasikia mkwaruzo tangu siku ya kwanza. Ukitokeza pungufu, ncha inashika kwa pembeni tu na itaviringika haraka. Usikate waya ili ulingane. Tafuta kebo sahihi.

Kuhusu grisi, vuta kwanza waya wa kebo mpya utazame, maana nyingi huja zimeshapakwa kiwandani, na hizo haziongezewi kitu. Ikiwa kavu, tumia grisi nyepesi ya lithiamu, au yenye grafiti iliyotengenezwa kwa ajili ya kebo. Grisi nzito ya chasisi haifai, kwani wakati wa baridi hukamata waya na mshale huanza kuruka tena. Mafuta ya injini umeshaona matokeo yake: ni mepesi, yanapanda. Dawa za kupuliza za kulegeza kutu nazo huosha grisi iliyokuwepo, kisha hukauka zenyewe, na baada ya muda mfupi kebo inabaki kavu kuliko mwanzo.

Kiasi ni kidogo kuliko mkono unavyotaka. Kwa waya wenye urefu wa mita moja na nusu, grisi ya ukubwa wa punje moja ya maharage inatosha. Iweke kati ya vidole viwili, uvute waya katikati yake kuanzia ncha ya chini kupanda juu, uache utando tu unaong'aa, bila mabonge. Ukibakiza sentimita 20 kufika ncha ya mita, simama. Sehemu hiyo iachwe kavu kabisa. Wakati wa kuzunguka grisi husogea juu kidogo kidogo, na hizo sentimita 20 ndizo akiba inayoizuia kufika kwenye tundu la mita. Uingize waya kwenye ala polepole huku ukiuzungusha. Ukishaingia wote, uvute tena nje sentimita 20 za juu, uzipanguse kwa kitambaa safi, na uzirudishe. Mpanguso huu wa pili ndio watu husahau, ilhali kupitisha waya ndani ya ala hubeba grisi hadi juu.

Kama kebo yako ni ya aina isiyofunguka, usihangaike kuisukumia grisi kwa kifaa chochote. Ile ya zamani ikikauka hubadilishwa nzima.

Kufunga ni kinyume cha kufungua, ila anza kwa kupitisha ncha ya mita kwenye raba ya ukuta kutoka upande wa injini, ukiifunika kwa plastiki isichukue uchafu. Raba ikiwa imepasuka badilisha, kwa kuwa maji ya mvua hufuata kebo kama bomba. Funga giaboksi kwanza, huku ukizungusha waya kidogo kwa vidole kutoka juu mpaka usikie mraba umezama kwenye pinioni. Usikaze nati kulazimisha ncha iingie. Ikiwa mraba haujalingana, nati ndiyo itakayouponda. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko kwa plaizi, basi. Rudisha klipu zote, kebo ikiwa mbali na eksozi na mbali na mkono wa klachi, lakini klipu zisiibane ala hadi ibonyee. Mwisho ingiza upande wa mita, na wakati wa kurudisha paneli peleka mkono upande wa injini uivute kebo taratibu ili ule ulegevu uende huko usijikunje nyuma ya mita. Malizia kwa kupima mafuta ya giaboksi na kuongeza yaliyodondoka.

Kwenye gari la mwisho wa miaka ya 1980 au mwanzo wa 1990, jua pia kwamba baadhi ya mita zina swichi ndogo inayopeleka habari za mwendo kwenye kompyuta ya injini. Kuendesha gari kebo ikiwa imeachwa wazi kunaweza kuwasha taa ya hitilafu, na si kosa la kazi yako.

Toka barabarani kwenye njia yenye alama za kilomita. Mshale ukiwa umetulia kwenye 60, kilomita moja ichukue sekunde 60, na ukiwa kwenye 80 ichukue sekunde 45. Ukifika mapema kidogo au kuchelewa kidogo bila mshale kutikisika, kebo ni nzima, na tofauti hiyo itafute kwenye matairi au kwenye mita. Namba za kilomita zikisogea lakini mshale umelala, au mshale ukifanya kazi na namba zimesimama, usiifungue kebo tena: yote mawili hutegemea waya huohuo, kwa hiyo kilichokufa kimo ndani ya mita.

Baada ya kilomita 500 hivi, fungua tena nati ya juu na upanguse ncha kwa karatasi nyeupe. Ikitoka kavu, funga na uendelee na safari zako. Ikitoka na mafuta ya gia, sili mpya haikukaa vizuri, na uifungue kabla mafuta hayajaingia kwenye mita kwa mara ya pili.